Mstari Mweupe wa Alois Laurenti Kobelo

Alois Laurenti Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa Nyandira, Mgeta, mtoto wa kwanza wa Mzee Laurenti na Mama Tumaini. Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Morogoro mjini, kisha ufundi wa mitambo Dar es Salaam. Mwaka 1988 aliajiriwa Mwanza kuwa fundi wa injini za meli. Alipokuja likizo alitueleza kwamba ziwa halina ng'ambo, na sisi watu wa milimani tukadhani anatia chumvi.

Alifunga ndoa na Rosa, binti wa Kinole, mwaka 1991.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Alois alikuwa kwenye boti mojawapo iliyokwenda kuokoa. Habari hiyo aliisimulia kwa nadra, na kwa maneno machache. Chuma kikubwa kama jengo kimelala tumbo juu, na ndani yake watu wanagonga. "Nilivua kofia," alisema. "Mpaka leo sijui nilimvulia nani."

Baada ya hapo wapo walioapa kutopanda meli tena, na wapo waliosema ni mashetani ya ziwani. Alois hakufuata lolote kati ya hayo mawili. Alisema chuma hakimjui mtu, kinajua uzito tu. Akasomea ukaguzi wa vyombo vya majini na kuifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2018. Alipenda kusema kwamba zamani abiria aliuliza meli inafika saa ngapi, siku hizi anauliza majaketi ya kuokolea yako wapi, na swali hilo limelipiwa na watu wengi. Rosa anakumbuka walipokwenda Zanzibar kupumzika: mume alimwacha kwenye kiti melini akaenda kuhesabu maboya. "Nilidhani nimeolewa na mlinzi," anasema.

Aliporudi nyumbani aliyakuta malori yetu yakishusha kabichi kwenda Dar, na watu wamekaa juu ya mzigo. Akaja na kopo la rangi, akapiga mstari mweupe, kama ule wa kikomo cha mzigo ubavuni mwa meli, kwenye chuma juu ya springi za nyuma za lori langu. Springi zikibonyea hadi pale, hakuna kuongeza kitu.

Nilimwambia, "Kaka, hili ni lori. Maji yako wapi huku?"

"Meli ile nayo ilipinduka kwanza, Juliana. Maji yalikuja baadaye."

Mimi ni mtu wa biashara, sipendi kiroba kibaki chini. Lakini aliyesema hivyo alikuwa ameyasikia yale ya ndani ya chuma. Mstari ukabaki.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2023. Alitibiwa Morogoro mjini, na huko akafariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025. Ameacha mjane, Rosa, watoto wawili, Glory na Oscar, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake, Juliana na Ernest.

Karatasi mliyoshika inaishia hapo, maana ilichapwa kabla ya safari. La jana naliongeza kwa mdomo.

Jana lori langu lilimleta kutoka mjini. Tulipofika Mlali, kabla ya kuanza kupanda mlima, watu wa huko nao walipanda, na kila mtu anajua kwamba kwenye gari la msiba mtu hashushwi. Dereva wangu, Shukuru, akazunguka nyuma, akainama kuuangalia ule mstari, akasema walioongezeka washuke, atawarudia.

Mjomba Nassoro, ambaye katika ukoo wetu neno lake ndilo la mwisho, alikuwa amekaa kando ya jeneza. "Unatushusha kwenye msiba wetu wenyewe?"

"Shikamoo mjomba. Siwashushi mimi. Anayewashusha ni huyo mliyekaa naye."

Mjomba aliliangalia jeneza, akavua kofia, akashuka wa kwanza. Wengine wakamfuata, nami nikashuka. Tukasimama barabarani tukiliangalia lori likipanda taratibu hadi lilipopotea kwenye kona.

Ndiyo sababu jana wengine tuliingia giza limeshatanda. Lakini tumefika wote.

Kaka Alois, Mungu akupumzishe kwa amani.