Daftari la Sura Lilikuwa Lake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka msusi. Wateja wake walimwita Mama Sabuni. Ameaga dunia Jumanne asubuhi kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka hamsini na miwili. Nawaambia mapema ili mjue: kipindi cha leo kinanichoma mimi mwenyewe. Nimeomba nikifanye, na bosi wangu amekubali shingo upande.

Jina la Sabuni alilipataje? Ukiingia saluni kwake, hakukuuliza unataka mtindo gani. Alikukalisha mbele ya kioo, akakubana nywele nyuma, akasema, "Tulia kama unapigwa picha ya pasipoti." Kisha aliinama nyuma yako, akafumba jicho moja, akachukua kipande cha sabuni na kuuchora uso wako palepale kwenye kioo. Ukiinuka kitini, uso wako unabaki pale, mweupe, hauna macho wala pua. Ndipo anakusomea.

"Wewe ni duara, mwanangu. Tunainua juu, mashavuni tunapunguza." Mwenye uso mrefu hakumrundikia nywele utosini, alimshushia za mbele, akajaza pembeni. Mwenye taya pana alimwachia mawimbi laini yapite chini ya masikio. Na mteja akija na picha ya mrembo wa gazetini, alimjibu, "Nywele nzuri. Uso wake umekuja nao?"

Watu walicheka, lakini walitoka pale wakijitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Aliniambia shavu langu la kushoto ni zito kuliko la kulia, kwa hiyo njia ya nywele, ule mstari wa kuzigawa, ikae kulia, nywele zilalie kushoto. Tangu siku ile niliacha kuficha shavu kwa mkono.

Kila mchoro aliunakili kwenye daftari lenye jalada gumu. Miaka kumi na minne. Sura zaidi ya mia sita, kila moja na maelezo yake. Narudia, wasikilizaji: michoro ni yake, maelezo ni yake, daftari ni lake.

Saluni alikuwa nayo pamoja na shoga yake. Tumwite Pacha, kwa kuwa mtaa uliwaita hivyo wote wawili. Walishona nguo za kitambaa kimoja. Pacha alikuwa upande wa kuosha, kupaka dawa na kukausha. Mikono mizuri, sikatai. Walilea watoto pamoja, walizika wazee pamoja. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mama Sabuni alikwenda kumuuguza mama yake kwa wiki tatu, akamwachia Pacha funguo. Aliporudi alikuta kioo, viti na ndoo. Pacha hayupo, daftari halipo. Mtaa wa pili kuna saluni mpya, na bango: "Mtindo kwa Sura Yako. Hapa Ndipo Ulipoanzia."

Na nani alimpa Pacha maikrofoni? Mimi. Nilimkaribisha studio hii hii, nikamwita mwanzilishi. Mwenye kazi nilikuwa namjua. Kiti chake nilikuwa nimekikalia! Pacha aliniambia wamekubaliana, nami nikaona raha kuamini kuliko kuuliza. Asubuhi ile alikuwa amenitengeneza nywele, na kipindi nilikuwa nimeshakitangaza wiki nzima.

Mama Sabuni alikisikia akiwa na mteja kitini. Mdogo wake, mshonaji wa nguo, alikuwepo. "Dada hakuzima redio," ananiambia. "Alisikiliza hadi mwisho, kitana mkononi. Akasema, 'Hata yeye.' Basi, akaendelea na kazi."

Huyo "hata yeye" ni mimi.

Kesho yake alikuja hapa kituoni. Hakuja na ugomvi. Alinitazama kichwani. "Njia yako iko kushoto," akasema. "Nani kakuweka hivyo?" Nikamwambia, Pacha. Akanieleza taratibu. Michoro yake ilitoka kwenye kioo, na kwenye kioo kushoto kwako kunabaki kushoto. Pacha alilisoma daftari kama anayetazama picha ya mtu, ambapo kushoto kwa picha ni kulia kwa mtu. Kwa hiyo kila aliyesukwa kwa kufuata daftari lile alitoka amegeuzwa upande.

"Watazame wateja wangu alionichukulia," alisema. "Nywele zimelalia upande usio wao. Shahidi mwingine wa nini? Naomba sentensi moja tu redioni, mwanangu. Sema kazi ni yangu."

Sentensi moja. Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo nikamwambia mwezi ujao. Mara ya tatu nilimtuma mlinzi aseme niko kwenye kikao, nami nilikuwa nakunywa chai. Niliogopa mtaniuliza, "Ulitangazaje bila kuhakikisha?" Nyumbani nilihamisha njia ya nywele, nikairudisha kulia, kimya kimya. Hayo ndiyo masahihisho pekee niliyoyafanya, kichwani kwangu.

Miaka miwili ikapita. Wateja wapya wakimwona na sabuni, wanamuuliza, "Na wewe umejifunza kwa Pacha?" Mdogo wake anasema swali hilo ndilo lililomvunja. "Siku moja alikifuta kioo, hakuchora tena. Ukitaka chochote anakusuka hichohicho. Uso wako haushughulikii."

Nilikwenda msibani, wasikilizaji. Mdogo wake akanizuia mlangoni, akanisimulia hayo palepale. "Pole yako kaiseme redioni kwanza," akasema.

Basi naisema. Aliyeanzisha kazi ya kusuka kwa kusoma sura ni Mama Sabuni. Daftari ni lake, lilichukuliwa bila ruhusa yake. Mimi nililijua hilo, nikanyamaza. Narudia: nililijua, nikanyamaza.

Kwa mama yake mzazi, kwa mdogo wake na wanawe wawili: poleni sana. Nanyi mnaonisikiliza, fikirini kama kuna mtu anayesubiri neno la kweli kutoka kinywani kwenu. Mpeni leo, masikio yake yakiwa bado yanasikia.

Nilipanga nikitoka hapa niende kwao moja kwa moja. Lakini fundi mitambo amenipa simu yangu sasa hivi. Ni ujumbe wa mdogo wake. Nausoma kama ulivyo.

"Tumesikia. Mama anashukuru. Lakini usije."