Mrudishieni Constance Wimbo Wake

Sogeeni kitandani, wanangu, na wewe Cédric tia hiyo simu mfukoni, baba yako hafi mara mbili ili upate nafasi ya kumsikiliza baadaye. Dirisha liacheni wazi. Kelele za mtaa huu wa South Beach haziniwezi, mimi ambaye nikishuka chini kwa sauti, vioo vya studio pale Lubumbashi vilitetemeka na fundi mitambo akaniomba nisimame mbali.

Mnatazama kabati kama vile iko dhahabu ndani. Iko suti ya buluu iliyoliwa na wadudu, gawaneni vifungo. Urithi wangu ni ile santuri yetu ya kwanza, ambayo ndiyo ya mwisho pia, tuliyoirekodi vijana wanne wa suti moja na hatua moja, vidole vikilia pamoja, muziki wa soul wa kweli, siyo hivi vidude vya dukani kwa Cédric ambapo mtu anapiga chafya na mashine inamfanya mwimbaji. Shule niliiacha darasa la tano, na bado aliyesoma wa kunifundisha sauti ya chini hajazaliwa.

Wenzangu wawili wamekwisha kufa. Amebaki Blaise, ténor wetu, mwenye sauti ya juu, siku hizi Pasta Blaise, mwenye kanisa ndani ya ghala kule Mobeni na spika kubwa kuliko imani yake. Kila Jumapili anaitukana santuri yetu kuwa ni muziki wa dunia, halafu anachukua wimbo wa kwanza wa santuri hiyo hiyo, ule niliomtungia mama yenu, sauti zote nne kama tulivyozipanga, anafuta jina la Constance na kuweka la Yesu, na waumini wanalia machozi. Yesu ana nyimbo ngapi? Mama yenu alikuwa na huo mmoja, na hata kaburini mwake hakuimbiwa.

Jana kaja hapa, kanukia marashi kama bibi harusi. "Papa Apollinaire, siku ya mazishi kwaya yangu itauimba ule wimbo kwa maneno yaliyookoka."

"Maneno yameokoka, Blaise, wewe je?"

"Papa, jina la mwanamke haliimbwi mbele ya jeneza."

"Eish, basi nitakufa siku ambayo una safari."

Akacheka, mnafiki yule, kwa sauti ile ile tamu ya zamani, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Sasa sikilizeni vizuri, maana pumzi inakwisha. Msimfukuze. Mpeni kiti cha mbele, mpeni na soda baridi. Kwaya yake ikianza, ninyi simameni muimbe juu yao kwa jina la mama yenu, mpaka wanyamaze au wafuate. Cédric, wewe chukua sauti ya juu, unaita wateja siku nzima, koo unalo. Ya chini sikuachii, usininunie, utaniaibisha nikiwa nimelala. Ya chini nampa dada yako Larissa. Ndiyo, mwanamke! Nimemsikia saluni akisuka watu, anashuka mpaka wateja wanageuka kutafuta mwanaume yuko wapi. Na santuri ni yake. Cédric, ukiiwekea ngoma za mashine, nitakuja nikuzimie umeme.

Mungu awape kifua kipana na watoto wakaidi kama mimi. Asiwape aibu mbele ya watu. Mpendane, hata mkitukanana. Blaise naye ambariki... lakini pole pole, asizoee.

Maji. Basi, yatosha.

Larissa, imba. Jina tu, nisikie... Hapana, hiyo ni ya kanisani, inaomba sadaka. Shuka. Cédric, acha kulia, unamharibia... Shuka tena, mama. Usiogope, chini huko kuna nafasi. Eeh... hapo. Kaa hapo. Usilikate jina... lote, mama... lote.