Bertila Kabula Shilinde, Aliyetaka Kuona Mwenyewe

Aliyelala mbele yetu ni Bertila Kabula Shilinde. Alizaliwa Tura tarehe 14 Agosti 1953, akabatizwa hukohuko. Haya ameyasema mumewe, Eustace. Binti yao Elieth ndiye anayeyasoma.

Alisoma mpaka darasa la nne. Mama yake akaugua, Bertila akarudishwa jikoni. Maswali hayakumwisha.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Eustace kanisani Igalula. Walilima viazi vitamu. Bertila alivikata vipande vyembamba, akavianika vikawa michembe, akawauzia abiria wa treni stesheni. Kabla ya kufunga gunia, aliuma mchembe mmoja kwa magego ya kushoto. Ukilia ka, umekauka. Usipolia, yote inarudi juani. Michembe yake haikuota ukungu.

Mwaka 2019 upande huo ulianza kumuuma. Aling'olewa gego moja, maumivu yakabaki palepale. Majirani wakasema, "Mama Elieth, huo uzee." Akajibu, "Uzee gani wa upande mmoja?"

Mumewe akampeleka Mwanza. Magego ya kushoto yalikuwa yamebaki mawili. Likitoka lisilo lenyewe, atatafuna na nini? Picha ya kawaida haikuonyesha kitu.

"Utang'oa lipi, mwanangu?" alimuuliza daktari wa meno, Najiat.

"Bado sijajua, mama."

"Basi usiguse mpaka ujue."

Daktari akacheka. Akampeleka kwenye mashine inayozunguka kichwa na kupiga picha pande zote. Bertila alisimama kimya, jambo la nadra. Kisha jino likaja kwenye kioo cha kompyuta, daktari akalipitisha kipande kwa kipande, juu mpaka chini, kama limekatwa.

"Kumbe michembe!" Bertila akasema. "Rudisha kidogo. Hapo. Huo mstari mweusi?"

"Ndio ufa, mama. Umeshuka na mzizi. Na mfupa pembeni yake umelika. Kwani unauma nini kigumu?"

Bertila akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dirishani.

"Na hili la jirani?"

"Zima kabisa."

"Haya, sasa ng'oa."

Lilipotoka aliligeuza mkononi mpaka akauona ule ufa, mwembamba kama unywele. Njia nzima kurudi Igalula aliwaeleza watu wa basi.

Mwaka jana moyo wake ulitanuka, miguu ikavimba. Siku ya kupimwa alimwambia daktari wa moyo, "Geuza hicho kioo, na mimi nione." Akautazama unavyopiga. Akauliza, "Utachoka lini?" Daktari akaanza kuandika dawa. "Basi," Bertila akasema, "tutaona."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Gego la jirani hakuling'oa. Jumapili ya mwisho aliuma mchembe kwa gego hilo, ukalia ka, mumewe akasikia kutoka nje. Anakwenda nalo.

Mungu amlaze pema, na amjibu yote aliyokuwa akiuliza.