Sinema Iliyokatika Kabla ya Mwisho

Gari la sinema la serikali lilipita Sumbawanga Jumamosi, jenereta likazimika kabla picha haijaisha, na tangu hapo benchi la nje ya duka la Halfani likakosa amani. Picha yenyewe ilikuwa ya bwana aliyepotelewa na mkewe, akawa anamwona kila mahali, mpaka ndani ya kioo cha kunyolea. Kila mnywa kahawa alikuwa na mwisho wake. Wilibrodi, mkulima wa Mwazye, alikaa pembeni na kikombe mkononi, hanywi. Mkewe, Kalista, alipotea mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, katika purukushani ya malori na mizigo, na tangu siku hiyo hajaacha kumtafuta. Kesho angepanda lori la dereva Breki mpaka Tunduma, maana kasikia kuna mwanamke wa Kifipa anauza ulezi huko.

— Bwana kamuua mwenyewe, alisema Halfani, waliyemwita Hakimu.

— Hakimu unafunga watu bila ushahidi, alisema Breki. Mke yupo darini. Nilisikia vishindo.

— Vishindo vya jenereta, ndugu yangu.

Halfani hakukubali kushindwa barazani kwake. Akatangaza kwamba mke alikuwa jasusi wa mabeberu, katumwa amtie mumewe wazimu ili kiwanda alichokisimamia mume kisimame. Breki akaongeza kwamba basi hata jenereta lilizimwa makusudi.

— Anampenda tu, alisema Wilibrodi. Mtu akipotelewa, anatafuta.

Wakamwonea huruma. Sophia, mpwa wa Halfani, alitokea mlangoni na birika. Alikuwa amefika juzi tu kutoka Kigoma, habari za watu hazijui.

— Shikamooni. Samahani, mjomba, huyo mama wa kwenye picha alipotea au aliondoka?

— Marahaba. Kuna tofauti gani?

— Aliyepotea hafungi mzigo. Huyu alifunga?

Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka, kwa sababu picha nzima walikuwa wakimwangalia bwana.

Wilibrodi alikumbuka kitu kingine. Juu ya jiko Kalista alikuwa na chungu cha mbegu za ulezi, alizochagua kwa mkono wake, wala mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa. Siku ile alipotoweka, Wilibrodi alikikuta kitupu, kimefutwa vizuri ndani. Miaka yote alijiambia ni wezi. Lakini mwizi hafuti chungu, na anayepotea habebi mbegu. Mbegu hubebwa na anayekwenda kulima. Ilimuuma, na safari hii hakutafuta la kujiambia.

Breki akaona amtoe kwenye mawazo.

— Wili, kesho nimekuwekea nafasi mbele, kwenye kiti.

Wilibrodi akainywa kahawa yake, iliyokwishapoa, akampa Sophia kikombe.

— Kiti mpe mwenye safari, Breki, alisema. Kama yule wa Tunduma ni yeye, basi ile mbegu iliota.