Mwalimu Magoti na Watoto wa Miaka Sita

Marehemu, ambaye nusu ya mji ilimwita Mwalimu Magoti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mkunga. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa hajamaliza kuwatazama wanaotembea.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni, ambako walimu walinyamaza kila treni ilipopita, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1971 aliingia chuo cha ualimu, na huko somo la makuzi ya mtoto likamteka. Akirudi likizo aliwaita wadogo zake mezani, akajaza glasi mbili pana sawasawa, akamimina maji ya moja kwenye glasi nyembamba na ndefu, akawauliza glasi ipi ina maji mengi zaidi. Kitinda mimba alichagua glasi ndefu kila mara.

"Mjinga huyu," kaka yao mkubwa alicheka.

"Si mjinga, ana miaka mitano. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo, bahati yako mimi nilikuwa sijazaliwa nikuone."

Januari 1973 alianza kufundisha darasa la kwanza, na kwa miaka ishirini na minne alikataa kupandishwa darasa la juu, ingawa wenzake walimtania kwamba amegeuka yaya. Kila alipozungumza na mtoto alipiga magoti ili macho yao yakutane. Hapo ndipo jina lilipozaliwa na suruali zikafa.

Suruali hizo ndizo zilizomwoza. Alipozipeleka kwa fundi cherehani kwa mara ya tatu, fundi mwenyewe, binti mwenye kibanda, alimuuliza, "Samahani kaka, kazi yako ni ya kutambaa?"

"Ni mwalimu wa darasa la kwanza."

"Basi lete zote, nizitie viraka kabla hazijachanika."

Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Kisa ambacho mkewe hachoki kukisimulia ni cha mwaka 1994. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alifika nyumbani. Mwanawe alikuwa amemchumbia binti aliyewahi kufundishwa na marehemu.

"Mwalimu, nasikia huyu binti alikuwa anawaibia wenzake kalamu. Ni kweli?"

"Alikuwa na miaka sita, mama. Umri huo 'changu' na 'chako' bado havijaachana vizuri. Kuvitenganisha ndiyo kazi yetu."

"Kwa hiyo aliiba."

"Nimesema habari za watoto wote. Ya mtoto mmoja mmoja niliyajua kwa sababu wazazi waliniamini. Hayo siyatoi."

Mgeni aliondoka bila kumaliza chai. Uchumba ukasimama, na mtaa mzima ukaona kwamba ukimya wa mwalimu ni ushahidi tosha. Jumamosi binti akaja analia.

"Mwalimu, ungesema tu kwamba sikuiba! Neno moja tu!"

Mkewe anasema hakuwahi kumwona akiteseka namna ile. "Mwanangu," alisema hatimaye, "nikisema zuri lako leo, kesho nitaulizwa ya mwenzako. Nikinyamaza juu ya huyo, watu watakuwa wameshajua maana ya kunyamaza kwangu."

Hata hivyo hakukaa. Alivaa viatu akaenda mwenyewe dukani.

"Sikuja kubadilisha jibu," alimwambia yule mama. "Nimekuja kukukumbusha kwamba hata mwanao nilimfundisha. Wazazi wa binti wakija kuniuliza habari za mwanao alipokuwa na miaka sita, nao nitawanyima vilevile."

Yule mama alishusha kitambaa alichokuwa akikipima, akatazama dari. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Wee! Wasije wakakuuliza! Basi, mwalimu, yaishe."

Harusi ilifanyika mwezi uliofuata. Tunakisoma kisa hiki kwa ruhusa ya wenyewe, na bibi harusi, ambaye sasa ana wajukuu, ametutaka tuongeze kwamba kalamu zilikuwa nne.

Mwaka 1997 marehemu alihamia chuo cha ualimu, akafundisha maadili ya kazi hadi alipostaafu mwaka 2011. Kisa cha uchumba hakukisimulia darasani hata mara moja, kwa kuwa mji ni mdogo na wahusika wangejulikana.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu. Jioni moja mwezi uliopita, wajukuu wakirudi naye kwa gari kutoka huko, yule wa miaka minne alitangaza kwamba mwezi unawafuata. Dada yake akafungua mdomo amsahihishe, babu akamshika mkono. "Mwache kwanza. Huu ndio mwaka wake wa kufuatwa na mwezi." Kisha akamgeukia mdogo. "Unatufuata sote, au wewe tu?"

"Mimi tu. Lakini ukiutaka, babu, nitakuazima."

Marehemu alifurahia jibu hilo siku nzima iliyofuata. Kila aliyekuja kumwona aliambiwa. Alifariki kwa utulivu nyumbani kwake, mkewe akiwa kando yake, asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Septemba 2024.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, ndugu wawili, na watu wazima wasiohesabika katika mji huu ambao siri zao za utotoni amekwenda nazo.

Alale pema mwalimu wetu, na amani iwe juu yake.