Saba Bado: Maisha ya Mzee Leodegar Ndunguru wa Bunju

Mzee Leodegar Ndunguru, Baba Editha, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1951 huko Mbinga, mtoto wa tatu wa Mzee Romani, mkulima wa kahawa. Haya nimeyaandika mwenyewe, mjane wake, Auleria. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru. Palipopinda mnisamehe, ila asininyooshee mtu maneno.

Alisoma shule ya misheni, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam akaajiriwa bandarini, karani wa kuhesabu mizigo inayoshuka melini. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na minne hadi alipostaafu. Mzigo usipoonekana hakuandika "umepotea", aliandika "haujafika". Wenzake walimtania, "Ndunguru, meli yenyewe imeshaondoka!" Naye huwajibu, "Kwani nyie mmeuona ukipotea?"

Tulifunga ndoa tarehe 14 Julai 1979, tukapanga chumba Temeke. Mungu alitupa Editha mwaka 1981 na Gladness mwaka 1992. Mwaka 1999 tukahamia hapa Bunju, nyumba ikiwa haina hata madirisha.

Sasa niseme lile ambalo halijasemwa. Tarehe 12 Mei 2008, jua linazama, Gladness alikuwa mezani anaandika kazi ya shule, nyota zilizo jirani na sie na umbali wake. Alikuwa na miaka kumi na sita. Taa haikuwa na mafuta, nikamtuma dukani.

"Mama, nimalize nyota hii moja."

"Nyota hazikimbii. Nenda!"

Akaenda. Hakurudi. Tulitafuta polisi, hospitali, kila mahali. Majirani niliwaambia alitoka mwenyewe. Si kweli, nilimtuma mie. Baba Editha alijua, na miaka yote hiyo hakunitolea neno hilo hata tukigombana.

Daftari lilibaki mezani. Lina mistari minne: Rijili Kantori, miaka minne na ushee. Shira, minane na nusu. Tairi, kumi na sita na ushee. Vega, ishirini na tano, na hapo neno "tano" limeishia "tan". Marehemu alilisoma hadi akalielewa, akanieleza. Mwanga nao husafiri. Ukiondoka Bunju leo, Rijili Kantori unafika baada ya miaka hiyo minne na ushee. Kwa hiyo aliyeko huko akitutazama, anatuona tulivyokuwa wakati ule.

Tangu hapo kila jioni akishakula hutoa kiti uani na kuangalia juu. Jirani yetu Genoveva humwuliza, "Baba Editha, dishi limegoma tena?" Hucheka, lakini hashushi kichwa.

Mwezi Septemba 2012 aliniita uani. "Mama Editha, leo kule Rijili Kantori anatoka nyumbani. Kule Shira bado amekaa mezani, anaandika."

Nikamwuliza, "Huko kuna watu?"

"Sijasema kuna watu. Nimesema mwanga umefika."

Nilimwambia aache uchizi, tumfanyie mtoto matanga kama watu wengine. Akakataa. Desemba 2016 ikawa Shira, siku hiyo hakula. Februari 2025 ikawa Tairi, inayotoka alfajiri miezi hiyo. Nilimkuta kwenye kiti, shati limelowa umande. "Imebaki Vega," akasema. Mie nikaingia ndani nikafunga mlango kwa komeo, naye yuko nje. Hilo nalo nalijutia.

Oktoba mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Alilazwa mara mbili. Jumapili tarehe 18 Januari 2026, asubuhi, alinishika kidole akasema, "Saba bado." Nesi akaniambia, "Bibi, anadai vidonge saba, na havijaandikwa." Nilijua ni miaka ya Vega, hadi Mei 2033. Saa nne akakata roho.

Juzi shemeji yangu Wilfred aliniletea karatasi ya wasifu ya kupeleka kwa mchapaji. Palikuwa na mstari, "Ametanguliwa na bintiye, marehemu Gladness." Nikaufuta. Akaurudisha. Nikaufuta tena. "Shemeji," akasema, "si wewe uliyekuwa unadai matanga?" Ni mie. Niliyataka matanga ili yaishe, nisiulizwe tena nani alimtuma. Sasa nimeshasema, hakuna la kufunika.

Marehemu ameacha mjane, Auleria, mdogo wake, Wilfred, wajukuu watatu, na watoto wawili: Editha, anayewasomea haya, na Gladness, hajafika. Editha, usiruke hapo hata baba yako mdogo akikohoa.

Kiti kiko uani bado. Jana nilikikalia. Vega sijui hata iko upande gani, nilitazama tu kote. Ila kwa hesabu ya baba yake, huko mtoto yuko mezani, kalamu mkononi, na mie sijafungua mdomo.

Lala kwa amani, Baba Editha. Hiyo saba nitaihesabu mie.