Aliyeomba Mayi Akapewa Yai

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Nyamvula, mke wa Lewa wa Junda, aliyewapikia madereva wa malori pale Kipevu, bandarini.

Siku moja dereva mgeni, Kambale, kutoka Butembo, Kongo, aliketi kibandani pake. "Mama, mayi." Nyamvula akamletea yai la kuchemsha. Kijana akalitazama. "Mama, mayi." Akaletewa la pili.

"Kula, mwanangu, usione haya."

Kumbe kwao mayi ni maji. Kibanda kizima kilicheka. Na huyo Kambale ndiye aliyekuja kumuoa Jumwa, binti wa Nyamvula, akaenda naye Butembo.

Huko akazaliwa mjukuu. Nyamvula alitaka kitu kimoja: kumpakata mtoto yule. Hilo tu. Lakini Kongo ilimtaka Mkenya viza, nasi tulimtaka Mkongo viza, na viza ilikuwa njoo kesho, njoo kesho.

Kisha Kongo ikaomba kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyamvula aliyafuata mambo hayo redioni, huku akikanda unga wa mahamri. Aliwaambia wateja, "Nchi ikiposa hubadili adabu zake. Jana ilitupa kisogo, leo yatuita ndugu. Na sisi itabidi tujifunze kuitika." Siasa ya nje hiyo, wasikilizaji, kwa maneno yake.

Posa ikakubaliwa. Bendera zikapandishwa, wakubwa wakapigwa picha. Viza ikabaki pale pale. Ilipokuja kuondolewa, Nyamvula alikuwa ameshakatwa mguu kwa kisukari.

Mzee Lewa hana maneno matamu. "Waliokalia zile karatasi walikalia mguu wa mke wangu. Wao wana ndege, haraka ya nini?"

Nyamvula mwenyewe hakununa. Alimtania mumewe, "We Lewa, mlango ukishafunguka, si lazima nipite mimi."

Alifariki mwezi uliopita kabla ya kumpakata mjukuu, Jumwa akiwa bado anachanga nauli. Jumwa akaja na mtoto kwa basi, na mpakani hakuna aliyewauliza viza.

Matangani Junda, Lewa alikuwa amejiinamia. Mtoto akamvuta shati.

"Babu, mayi."

Lewa akainuka, akaingia ndani. Alirudi na kikombe cha maji mkono mmoja, na mkono wa pili yai.

Mzee Lewa, Jumwa, Kambale, poleni sana. Nawe unayetusikiliza na muhuri wa viza uko mezani pako, hebu fikiri: kuna mtu anakungoja, na miguu yake haijui kusubiri.